Nyuzi Tisini kutoka Megahezi 3 hadi 30: Mwongozo wa Kujenga Saketi ya Kusogeza Fezi

Jenga redio rahisi ya mawimbi mafupi, ile inayoshusha wimbi la antena moja kwa moja hadi sauti, halafu tafuta kituo cha Morse kwenye megahezi 7. Utakisikia mara mbili. Ukizungusha kitasa polepole mlio unashuka, unapotea, kisha unapanda tena upande wa pili. Kituo ni kimoja. Redio yako ndiyo inayosikiliza pande zote mbili za oseleta, ukanda wa juu na ukanda wa chini kwa pamoja. Usiku bendi inapojaa, mtu usiyemtaka anazungumza juu ya yule unayemtaka, na kichujio cha sauti hakiwezi kuwatenganisha, kwa sababu wote wawili wamekwisha kuwa sauti ndani ya masafa yaleyale.

Dawa yake ni ya zamani. Ralph Hartley alipewa hataza yake Marekani mwaka 1928: gawa ishara katika njia mbili, ipe kila njia miksa yake, na oseleta ya miksa moja iwe nyuma ya mwenzake kwa nyuzi 90. Kisha upande wa sauti, sogeza tena njia moja kwa nyuzi 90 na uzijumlishe njia zote mbili. Ukanda mmoja unajiongeza na mwingine unajifuta. Ukitaka ukanda wa pili, badala ya kujumlisha unatoa.

Kwa hiyo unahitaji nyuzi 90 mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye sauti, kutoka hezi 300 hadi 3,000. Mara ya pili ni kwenye mawimbi ya redio, na kwa redio inayopita bendi zote za mawimbi mafupi hiyo ni megahezi 3 hadi 30. Tazama namba hizo vizuri: kote kuwili masafa ya juu ni mara 10 ya masafa ya chini. Hesabu utakayofanya kwa sauti ndiyo hiyohiyo utakayofanya kwa redio, ukizidisha kwa 10,000. Karatasi haioni tofauti. Waya inaiona, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kwanza amua unataka usafi kiasi gani

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, jipangie lengo kwa desibeli, kwa kuwa lengo ndilo linaloamua idadi ya ngazi, ubora wa kapasita na hata urefu wa nyaya. Kama njia mbili zina ukubwa sawa kabisa lakini fezi imekosewa kwa nyuzi 1, ukanda usiotakiwa unashuka desibeli 41 chini ya ule unaotakiwa. Kosa la nyuzi 2 linakupa desibeli 35. Kosa la nyuzi 5 linakuacha na 27, na hapo jirani bado anasikika waziwazi. Upande wa ukubwa wa wimbi, fezi ikiwa sahihi kabisa, tofauti ya asilimia 1 kati ya njia mbili inakufikisha desibeli 46. Makosa haya mawili hukutana katika saketi moja, kwa hiyo usitumie posho yote kwenye upande mmoja.

Lengo langu katika mwongozo huu ni desibeli 40: ukanda usiotakiwa ubaki na sehemu moja ya mia ya volti za ukanda unaotakiwa. Fundi mwenye mita ya kawaida na subira anaweza kulifikia. Ukitaka 60 inawezekana pia, ila hapo kila rezista utaipima kwa mkono.

Tafuta tofauti

Watu wengi hukwama hapa mwanzoni. Wanatafuta saketi moja itakayosogeza kila masafa kwa nyuzi 90, wanajaribu rezista na kapasita za kila namna, na kila mara wanapata 90 mahali pamoja tu. Acha kuitafuta saketi hiyo. Unachohitaji ni njia mbili, kila moja ikisogeza fezi kadiri inavyotaka, mradi umbali kati yao ubaki 90. Njia zote mbili zinapinda, lakini zinapinda pamoja, kama reli mbili za garimoshi kwenye kona.

Tofali la ujenzi ni ngazi ya pita-zote: opampu moja, rezista mbili zilizo sawa kwenye mguu wa kugeuza, na rezista R pamoja na kapasita C kwenye mguu mwingine. Ngazi hii haipunguzi masafa yoyote wala haiyakuzi. Inasogeza fezi tu. Chini kabisa inasogeza karibu nyuzi 0, juu kabisa karibu 180, na katikati yapo masafa yake yenyewe ambapo inasogeza 90 kamili. Tuyaite masafa ya ngazi. Ni 1 gawanya kwa (6.2832 × R × C). Kwa masafa mengine yoyote, fezi ni mara mbili ya pembe ambayo tanjiti yake ni masafa hayo gawanya kwa masafa ya ngazi. Fomula nyingine huhitaji.

Robert Dome alionyesha katika jarida la Electronics mwaka 1946 jinsi ya kupanga njia mbili za namna hii ziwe na tofauti ya karibu nyuzi 90 kwa upana mkubwa wa masafa. Miaka minne baadaye, 1950, Sidney Darlington wa Bell Labs alitoa njia ya kupata mpangilio ulio bora kuliko yote kwa idadi yoyote ya ngazi. Hesabu yake inapita kwenye fanksheni za duaradufu, ambazo ni nzito, ila matokeo yake ni mepesi kuyatumia. Nimekufanyia hesabu kwa masafa yanayopishana mara 10.

Tafuta kwanza katikati ya bendi yako: zidisha masafa ya chini kwa ya juu, kisha chukua kipeo cha pili. Kwa 300 na 3,000 ni hezi 948.7. Kwa ngazi nne, zidisha katikati hiyo kwa 0.1514, 0.5970, 1.675 na 6.605. Ngazi ya kwanza na ya tatu zinakaa njia moja, zikifuatana. Ya pili na ya nne zinakaa njia ya pili. Usizichanganye: ukiweka mbili za chini pamoja na mbili za juu pamoja, tofauti itapanda na kushuka vibaya.

Hakikisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Pale katikati, njia ya kwanza inasogeza nyuzi 224.5 na ya pili 135.5. Toa moja kutoka kwa nyingine, unapata 88.9. Rudia kwenye 300, utapata 88.9 tena. Kati ya sehemu hizo tofauti inapanda hadi karibu 91.1 na kurudi. Kosa kubwa kuliko yote kwenye bendi nzima ni nyuzi 1.1, sawa na desibeli 40 na chenji ndogo. Lengo limefikiwa, kwenye karatasi.

Ukihitaji zaidi, ngazi sita ni 0.0990, 0.3363, 0.7111, 1.406, 2.974 na 10.11, zikipishana njia kwa njia vilevile, na kosa linashuka hadi nyuzi 0.075. Kwa bendi ya mara 10, kila ngazi unayoongeza inagawanya kosa kwa karibu 4. Ngazi mbili pekee zinakosea kwa karibu nyuzi 16, kwa hiyo usijaribu kubana matumizi hapo.

Upande wa sauti, chagua kapasita zote ziwe nanofaradi 10. Masafa ya ngazi yanakuwa hezi 143.6, 566.4, 1,589 na 6,266, na rezista zake ni kilo-omu 110.8, 28.1, 10.02 na 2.54. Ya kwanza unaipata kwa kuunganisha 110k na omu 820 mfululizo. Opampu za kawaida kama TL072 au NE5532 zinatosha. Jambo la kushikilia ni usahihi. Ngazi ikifanya kazi karibu na masafa yake, kosa la asilimia 1 katika R au C linasogeza fezi nyuzi 0.57. Kapasita ya asilimia 5 ukiiweka bila kuipima, basi hesabu ya Darlington umeitupa. Nunua kapasita kumi, zipime, chagua nne zinazofanana, hata kama zote ni 9.8 badala ya 10. Kapasita zote zikipungua kwa kiwango kimoja, bendi nzima inahama kidogo na tofauti ya 90 inabaki pale pale. Zikipishana zenyewe kwa zenyewe, tofauti inaharibika. Upande wa sauti sina mengi zaidi ya kusema: ukipima vizuri, inafanya kazi siku ya kwanza.

Saketi ileile kwenye megahezi 30

Sasa zidisha kila kitu kwa 10,000. Masafa ya ngazi yanakuwa megahezi 1.436, 5.664, 15.89 na 62.66. Chukua R ya omu 100, na kapasita zinatoka pikofaradi 1,108, 281, 100 na 25.4. Karatasi imeridhika.

Tazama ile ngazi ya mwisho. Bendi yako inaishia megahezi 30, lakini ngazi imekaa zaidi ya 62, nje kabisa. Kapasita yake ni pikofaradi 25.4. Mguu wa opampu pamoja na njia ya shaba ya bodi vinaongeza pikofaradi 2 bila kukuomba ruhusa, na hiyo ni karibu asilimia 8 ya kapasita yako. Kwenye megahezi 30 nyongeza hiyo peke yake inahamisha fezi nyuzi 3.5. Kosa lote la hesabu lilikuwa 1.1. Pikofaradi mbili ambazo kwenye sauti hazionekani kabisa zimemeza lengo lako mara tatu.

Ongeza urefu wa waya. Kwenye megahezi 30, nyuzi 1 ya fezi ni pikosekunde 93. Ndani ya kebo ya kawaida ya koaksi huo ni urefu wa milimita 18. Mguu wa rezista wa sentimita 1 una takriban nanohenri 10, yaani karibu omu 1.9 kwenye masafa hayo, na mbele ya omu 100 hiyo ni nyuzi 1 nyingine. Opampu nayo inachelewesha: hata ile ya kasi, yenye zao la ukuzaji na upana wa bendi la gigahezi 1, inakula zaidi ya nyuzi 3 kwa kila ngazi. Ucheleweshaji wa opampu unafutika kama njia zote mbili zina idadi sawa ya opampu za aina moja, na hiyo ndiyo sababu huwezi kuweka ngazi tatu upande mmoja na moja upande mwingine. Pikofaradi za bodi hazifutiki, kwa sababu zinaangukia kapasita za ukubwa tofauti.

Ninayasema haya kwa kirefu kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza miezi. Wanaona saketi imefanya kazi vizuri sana kwenye sauti, wanaipunguza kapasita, wanaiongeza kasi opampu, na wanadhani tatizo ni opampu. Wananunua ya bei kubwa zaidi. Tatizo ni umbo la saketi: linahitaji ngazi moja ifanye kazi nje ya bendi, mahali ambapo kapasita ni ndogo kuliko zote na uchafu wa bodi ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Kabla ya kuendelea, jiulize kama unahitaji saketi hii. Kama kinachohitaji nyuzi 90 ni oseleta peke yake, na unaweza kupata saa yenye masafa mara 4, flipu-flopu mbili za aina ya D zilizofungwa kwa mzunguko zinakupa mawimbi mraba yaliyopishana nyuzi 90 kwa masafa yoyote, bila rezista hata moja ya kupima. Kufika megahezi 30 unahitaji saa ya megahezi 120. Ukiwa nayo, itumie, ni njia nzuri na ya haki. Mwongozo unaofuata ni kwa mwenye oseleta ya mara 1 tu, au anayetaka kusogeza ishara yenyewe ya antena, kazi ambayo flipu-flopu haiwezi.

Pete ya fezi nne

Mwaka 1973 M. J. Gingell alichapisha maelezo ya saketi tofauti kabisa kwa kazi hii ya kutenganisha kanda mbili. Haina opampu. Ina rezista na kapasita tu, zimepangwa kwa pete ya nyaya nne. Ndiyo ninayokushauri ujenge.

Chora nyaya nne sambamba, uziite 1, 2, 3 na 4. Katika kila ngazi, kila waya una rezista R inayokwenda moja kwa moja hadi waya huohuo upande wa pili. Kisha kutoka mwanzo wa waya 1, kapasita C inavuka hadi mwisho wa waya 2. Kutoka 2 hadi 3, kutoka 3 hadi 4, na kutoka 4 inarudi hadi 1. Rezista nne, kapasita nne, ngazi moja imekamilika. Ngazi inayofuata ni hivyohivyo, na kapasita zake zivuke kwa mwelekeo uleule wa mzunguko. Ukigeuza mwelekeo katika ngazi moja tu, ngazi hiyo itabomoa kazi ya zilizobaki.

Kinachotokea ni hiki. Ukiingiza mawimbi manne yanayofuatana kwa nyuzi 90 yakizunguka upande mmoja, pete inayapitisha. Yakizunguka upande wa pili, kwenye masafa ya ngazi pete inayafuta kabisa, kwa sababu kinacholetwa na rezista na kinacholetwa na kapasita vinakuwa sawa na vinapingana. Nje ya masafa hayo kinabaki kidogo: chukua masafa gawanya kwa masafa ya ngazi, uite x, na mabaki ni (1 − x) gawanya kwa (1 + x). Ngazi nyingi, mabaki yanazidishana.

Hapa pana uzuri wa aina mbili, na ndizo sababu za kuipendelea pete kwenye masafa ya juu. Wa kwanza: uwiano huo wa mabaki hautegemei mzigo. Ngazi ya pili inailemea ya kwanza, ya tatu inailemea ya pili, na volti zinashuka kwelikweli, lakini zinashuka sawasawa kwa mzunguko wa pande zote mbili. Huhitaji bafa kati ya ngazi. Wa pili: masafa ya ngazi zote yanakaa ndani ya bendi yako. Hakuna tena ngazi ya megahezi 62.

Kwa bendi ya mara 10 na ngazi nne, zidisha katikati kwa 0.3502, 0.6639, 1.506 na 2.856. Katikati ya 3 na 30 ni megahezi 9.487, kwa hiyo ngazi zinakaa kwenye 3.322, 6.298, 14.29 na 27.09. Pima kwa kikokotoo pale katikati: mabaki ya ngazi nne yakizidishana yanatoa 0.00945, ambayo ni desibeli 40.5. Ni usafi uleule wa pita-zote za ngazi nne, ila kwa sehemu ambazo mkono wako unaweza kuziweka kweli.

Sasa chagua R. Usitumie thamani moja kwa ngazi zote. Anza na ndogo na uongeze kadiri unavyoelekea mwisho, ili ngazi inayofuata isiilemee sana iliyotangulia na volti zisipotee bure. Na ngazi ya masafa ya juu iwe ya kwanza, pale R ilipo ndogo na uchafu wa bodi hauna nguvu. Mpangilio wangu ni huu: ngazi ya 27.09 kwa omu 100 na pikofaradi 58.7, ya 14.29 kwa omu 150 na pikofaradi 74.2, ya 6.298 kwa omu 220 na pikofaradi 115, ya 3.322 kwa omu 330 na pikofaradi 145. Angalia jinsi kapasita zote zilivyokaa kati ya 58 na 146. Hakuna iliyo ndogo kiasi cha kumezwa na bodi. Pikofaradi 2 za uchafu kwenye ngazi ya kwanza ni asilimia 3.4, na zikiwa sawa kwenye mikono yote minne zinachofanya ni kusogeza masafa ya ngazi kidogo, kutoka 27.1 hadi karibu 26.2. Kapasita za 56 na 2.7 kwa sambamba zinatosha kwa ngazi ya kwanza, 75 kwa ya pili, 100 na 15 kwa ya tatu, 120 na 24 kwa ya nne.

Kuilisha pete

Pete ina milango minne na wewe una wimbi moja. Tumia transfoma ndogo ya pete ya feraiti, FT37-43 kwa mfano, zungusha nyaya tatu zilizosokotwa pamoja mizunguko 10. Waya mmoja ni wa kuingiza. Nyingine mbili ziunganishe mfululizo, kiungo cha katikati kiende ethi, na ncha zake mbili zinakupa wimbi na kinyume chake.

Zipo namna mbili za kuunganisha, na wengi huchagua bila kujua walichochagua. Ya kwanza: wimbi kwenye mlango 1, kinyume chake kwenye mlango 3, milango 2 na 4 iende ethi. Ya pili: wimbi kwenye 1 na 2 kwa pamoja, kinyume chake kwenye 3 na 4. Namna ya pili inatoa mawimbi yenye ukubwa sawa kwa masafa yote, lakini fezi yake ni 90 kamili kwenye masafa manne ya ngazi tu. Namna ya kwanza inatoa nyuzi 90 kamili kwa masafa yote, na kinachoyumba ni ukubwa, kwa asilimia 1.9 hivi ndani ya bendi.

Kama pete inalisha miksa za swichi, chagua ya kwanza bila kusita. Miksa ya swichi inahitaji kujua wimbi linavuka sifuri lini, na baada ya kikuza kinachokata vilele, asilimia 1.9 haipo tena. Makosa ya ukubwa yanasafishika. Makosa ya fezi hayasafishiki.

Kujenga

Kapasita ziwe NP0, zinazoitwa pia C0G. Zinahama kwa sehemu zisizozidi 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, maana yake mchana wa Dar es Salaam na alfajiri ya Njombe haziwezi kuharibu kazi yako. X7R zinaruhusiwa kuhama hadi asilimia 15 katika upana wa joto zao, na hazifai hapa hata kama thamani iliyoandikwa ni sahihi. Ukinunua Kariakoo au Luthuli Avenue na muuzaji hana uhakika wa aina, iweke kapasita kwenye mita na usogeze chuma cha moto karibu bila kuigusa. NP0 itatulia. X7R itaanza kutembea mbele ya macho yako.

Rezista ziwe za filamu ya metali za asilimia 1, za kubandika juu ya bodi, saizi ya 0805 inayoshikika kwa kibanio. Rezista za waya uliozungushwa ziache kabisa, kwa sababu ni koili. Pima kila sehemu na uzipange nne nne: katika ngazi moja, mikono minne ifanane kwa nusu asilimia ukiweza. Ngazi nzima ikihama asilimia 2 haidhuru. Mkono mmoja ukihama asilimia 2 peke yake, ulinganifu wa pete umevunjika.

Kwenye bodi, tatizo ni ile kapasita inayorudi kutoka waya 4 hadi 1. Ukichora nyaya nne kwa ulalo, kapasita hiyo inapata njia ndefu kuliko wenzake watatu, na urefu huo ni fezi. Dawa yake ni kutumia pande mbili za bodi: nyaya 1 na 2 juu, 3 na 4 chini, na matundu mafupi ya kuvukia yawe mawili kwa kila ngazi, moja kutoka 2 kwenda 3 na moja kutoka 4 kwenda 1. Hapo kila mkono una jirani wa umbali ule ule. Ondoa shaba ya ethi chini ya pete yenyewe, uiache pembeni, ili usiongeze pikofaradi. Mwishoni, milango minne ya kutokea ibebe mzigo unaofanana. Hata kama unatumia miwili tu, ile mingine miwili ipe rezista na kapasita sawa na zile za miksa.

Kupima

Oskiloskopu ya chaneli mbili katika hali ya XY itakuchorea duara, na duara hilo litakufurahisha, lakini macho hayatofautishi duara la nyuzi 90 na la nyuzi 88. Itumie kuona kama umekosea waziwazi, basi. Kwa kipimo cha kweli tumia NanoVNA, au kifaa chochote kinachosoma fezi.

Kila mlango wa kutokea uwekee rezista ya kilo-omu 1 mfululizo, halafu omu 51 hadi ethi. Pima mlango mmoja kwa wakati mmoja: ondoa ile 51 ya mlango huo na uunganishe kebo ya kifaa mahali pake, kwa kuwa kifaa chenyewe ni omu 50. Mzigo unabaki sawa kote. Andika fezi na ukubwa kwenye megahezi 3, 5, 7, 10, 14, 18, 21, 24, 28 na 30, kisha hamishia kebo hiyohiyo mlango unaofuata. Kwa kuwa kebo ni moja, urefu wake unajitoa kwenye hesabu.

Toa fezi za milango jirani na usome umbo la kosa, kwa sababu kila ugonjwa una alama yake. Kosa linalokua kwa mstari ulionyooka kadiri masafa yanavyopanda ni tofauti ya urefu wa njia: kila nyuzi 1 kwenye megahezi 30 ni pikosekunde 93 za kutafuta. Kosa linalojitokeza chini ya megahezi 5 tu mara nyingi ni transfoma yenye mizunguko michache. Nundu ya ghafla karibu na 3.3, 6.3, 14.3 au 27 inakuonyesha ngazi yenyewe iliyo na sehemu mbaya, na hapo chukua mita uende moja kwa moja kwenye rezista nne na kapasita nne za ngazi hiyo. Usianze kubadilisha vitu ovyo kabla ya kuona umbo.

Kipimo cha mwisho ni redio yenyewe. Ingiza wimbi dhaifu kilohezi 1 juu ya oseleta, pima sauti. Kisha kilohezi 1 chini, pima tena. Tofauti ya volti ikifika mara 100, umefika. Ikiwa mara 60, ni desibeli 35.6, na kwa bendi nyingi za usiku utaishi nayo vizuri. Na kama pete hii unaiweka kwenye mtambo wa kurusha badala ya redio ya kusikiliza, pata leseni kwanza, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kwa kuwa ukanda usioufuta utasikika kwa jirani yako kwenye bendi.

Ukimaliza, andika nyuma ya bodi, kwa wino usiofutika, thamani ulizopima za R na C za kila ngazi na fezi uliyoisoma kwenye kila bendi. Atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.